Dole gumba limevimba siku ya nne baada ya kuchomwa na tasi, ndimu imeshindwa

MparaTasi – Jumanne, saa 3:40 usiku

Wakuu habari za usiku. Mnisamehe makosa ya uandishi, natumia mkono wa kushoto na simu nimeilaza mezani.

Mimi ni mpara samaki pale soko la samaki la Feri, Dar, huu mwaka wa kumi na moja. Kuchomwa na mwiba kwetu hatuhesabu, ni kama konda kukanyagwa. Jumamosi alfajiri nilikuwa namalizia ndoo ya tasi wa mteja, mmoja akaniteleza, mwiba wa mgongoni ukazama kwenye dole gumba la kulia, upande wa tumbo la kidole, kama katikati hivi. Wanaomjua tasi wanajua, unamtukana mpaka aliyemvua. Nikaloweka kwenye maji ya moto ya mama chai, baada ya saa nzima maumivu yakatulia, nikarudi mezani nikafanya kazi mpaka saa nne.

Jumapili kidole kizito. Jumatatu kimevimba. Leo limenona kama ndizi kisukari, limewiva wekundu, linadunda usiku kucha, kulikunja siwezi. Duka la dawa wamenipa amoksilini na diklofenaki, nimemeza tangu jana asubuhi, sioni tofauti. Shangazi wa mke wangu kasema ni mdudu wa kidole, kanitobolea ndimu, nimelala nayo imevaa kidoleni kama kofia. Nimeamka limezidi.

Swali: ni mdudu kweli? Nisubiri liive nitumbue, au kuna dawa nyingine? Mwenye meza ananipigia simu kila saa.

Bibi_Mrima – saa 3:52 usiku

Pole mwanangu. Huyo shangazi yuko sawa, ila ndimu ya siku moja haitoshi. Sisi huku tunaiita kaka. Ndimu unaipasha kwenye majivu ya moto kwanza, unatia chumvi, ndiyo unaingiza kidole. Siku tatu. Mdudu anakufa, usaha unatoka wenyewe.

Jini_Mkata_Kamba – saa 3:55 usiku

Mafuta ya taa mkuu. Asubuhi unaparua samaki.

DadaWaSaluni – saa 4:01 usiku

Pole kaka. Jini, hayo mafuta ya taa weka kwenye jiko lako.

Tabibu_wa_Zamu – saa 4:10 usiku

MparaTasi, mimi ni tabibu, niko zamu ya usiku kituo cha afya huku mkoani. Kabla ya kukwambia lolote nijibu haya, kwa ufupi tu:

Uvimbe uko kona ya kucha, uko kwenye ncha peke yake, au kidole kizima?

Ukiliacha bila kulilazimisha, limenyooka au limepinda?

Mtu akikunyooshea taratibu inakuwaje?

Ukibonyeza kuanzia ncha kushuka kiganjani, maumivu yanaishia wapi?

Kuna mstari mwekundu unapanda mkononi? Una mtoki kwapani? Homa?

Una pete mkono huo?

Na la mwisho, usilione la ajabu: unakunywa maji kiasi gani kwa siku na usiku unaamka mara ngapi kukojoa?

MparaTasi – saa 4:24 usiku

Dokta asante. Kidole kizima, si kona. Limepinda kidogo lenyewe. Mke kajaribu kulinyoosha nimetoa machozi mbele ya watoto. Maumivu yanashuka mpaka kwenye ile nyama nene ya kiganja na kwenye kifundo. Mstari mwekundu sioni, ngozi yangu nyeusi na taa ya hapa hafifu. Kwapani pana kitu kama korosho. Homa ninayo, jioni nimetetemeka. Pete ninayo, ya fedha, kidole cha kati, imeshaanza kubana.

Halafu kuna jambo nilidhani ni kulalia mkono: tangu jioni kidole cha mwisho nacho kinauma, mkono huohuo.

Maji nakunywa sana, joto la Dar unalijua. Usiku naamka mara nne, tano. Mke anasema suruali zinanivuka tangu mwezi wa Ramadhani, tukasema ni mfungo.

Tabibu_wa_Zamu – saa 4:31 usiku

Ndugu yangu, funga simu uende hospitali usiku huu. Nasema hospitali yenye chumba cha upasuaji, usiishie zahanati. Asubuhi ni mbali. Bajaji, bodaboda, jirani mwenye gari, chochote.

Pete ivue kabla hujatoka. Sabuni kwanza. Ikigoma, chukua uzi wa kushonea, pitisha ncha chini ya pete, uzi uliobaki uzungushe kwenye kidole kwa kubana kuanzia kwenye pete kwenda mbele kupita kifundo cha kidole, halafu vuta ile ncha ya nyuma taratibu uzi ujifumue, pete itakuja nao. Ikishindikana kabisa wataikata, fedha ni laini.

Mkono uwe juu ya usawa wa moyo njia nzima. Usile kitu kizito sasa, wanaweza kukuingiza chumba cha upasuaji. Ukifika mapokezi sema mambo matatu: mwiba wa samaki siku nne zilizopita, kidole hakinyooki, na waombe wapime sukari. Hilo la sukari lisisahaulike hata wakikuona mkono tu.

Ukishaondoka nitaeleza hapa kwa nini nimekukimbiza.

MparaTasi – saa 4:35 usiku

Sukari tena? Kwetu hakuna mwenye sukari. Sawa dokta, natoka. Shemeji yangu ana bajaji.

Jini_Mkata_Kamba – saa 4:37 usiku

Mnatisha watu na mwiba wa samaki. Mwaka 2016 mimi mwenyewe mdudu alinikaa kidole hikihiki, ndimu siku mbili, kapasuka, kesi imeisha. Hospitali wangenikata.

Tabibu_wa_Zamu – saa 5:20 usiku

Nimepata nafasi, wodini kumetulia. Jini, nitaanzia kwako.

Wewe mwaka 2016 nina uhakika ilikuwa pembeni ya kucha. Ulikuwa umeng'oa kijinyama au unang'ata kucha, bakteria wakaingia kwenye mfereji wa kucha, pakavimba, pakatunga, pakapasuka. Hiyo ndiyo kaka ya Bibi Mrima, na nyingi hupasuka zenyewe hata ukikaa na kidole kwenye papai. Ndimu ikachukua sifa. Kaka ikiwahiwa siku ya kwanza au ya pili hata kisu haihitaji: maji ya uvuguvugu dakika kumi na tano mara tatu au nne kwa siku, na usikitomasetomase. Usaha ukionekana mweupe chini ya ngozi, muuguzi anainua ukingo wa ngozi pale kwenye kucha, unatoka, unarudi nyumbani na mguu wako.

Mdudu hayupo. Nimeshapasua vidole vingi, sijawahi kumkuta. Jina nalielewa lakini, kwa sababu kidole kikidunda usiku unahisi kabisa kuna kitu kinatembea. Kinachodunda ni mapigo yako mwenyewe kwenye nyama iliyokosa nafasi.

Sasa sogea mbele kidogo, kwenye ile nyama ya ncha unayobandikia alama ya kidole ukiandikishwa kitambulisho cha NIDA. Pale ndani si uwazi mmoja. Kuna nyuzi ngumu zinazotoka kwenye ngozi kwenda kwenye mfupa, zinaigawa nyama vyumba vidogovidogo kama sega la nyuki. Usaha ukiingia humo hauna pa kutanukia. Shinikizo linapanda, damu inashindwa kupita, na mfupa wa ncha unaweza kuoza. Ndiyo maana jipu la ncha ya kidole halisubiriwi "liive" kama jipu la tako. Likikaza na ukashindwa kulala, linapasuliwa, na kwa ganzi. Ukisema ulitumbue nyumbani kwa wembe utakata mshipa wa fahamu na ncha ibaki na ganzi maisha yako.

Sasa mpara samaki wetu. Upande wa tumbo la kidole kuna kano inayokikunja, na kano hiyo inakaa ndani ya ala, sawasawa na kisu ndani ya ala yake. Ndani ya ala kuna ute kidogo tu na damu ni chache, kwa hiyo mwiba ukiingiza bakteria mle, wanajitanulia bila mlinzi. Daktari mpasuaji wa Marekani aliyeitwa Allen Kanavel aliandika mwaka 1912 kitabu kizima kuhusu maambukizi ya mkono, na dalili alizozieleza bado tunazitumia: kidole kimepinda chenyewe, kimevimba kizima, kinauma kufuata njia ya kano, na ukikinyoosha mgonjwa anaruka. Huyu alikuwa nazo zote nne na aliziandika mwenyewe bila kujua.

Halafu kile kidole cha mwisho. Ala ya gumba haiishii kwenye kidole, inakwenda mpaka kifundoni, na ala ya kidole cha mwisho hivyohivyo. Kwa watu wengi hizo mbili zinaonana pale kifundoni. Usaha wa gumba unashuka, unavuka, unapandia upande wa pili. Mkono unakuwa na jipu lenye umbo la kiatu cha farasi. Aliposema kidole cha mwisho kinauma na hakikuchomwa na chochote, nikaacha chai yangu.

NesiTemeke – saa 5:33 usiku

Dokta umeeleza vizuri. Niongeze moja iliyonikuta mimi. Kuna kidole kinavimba, kinawaka kama moto, halafu vinatokea vipele vya majimaji vimejikusanya kama malengelenge. Ukitoboa haitoki usaha, yanatoka maji tu. Hicho ni kirusi cha herpesi, kilekile kinacholeta vidonda vya mdomo. Sisi tunaosafisha vinywa vya wagonjwa tunakipata, madaktari wa meno wanakipata, hata mtoto anayenyonya dole gumba akiwa na vidonda mdomoni. HAKIPASULIWI. Ukikipasua unakaribisha bakteria waingie juu ya kirusi. Kinapona chenyewe wiki mbili tatu, na kisimguse mtu, hasa mtoto mchanga. Mimi kilinirudia mara mbili.

DadaWaSaluni – saa 5:41 usiku

Kha! Na hii yangu je? Mimi nasuka na kuosha nywele, kuta za kucha za magumba yote mawili zimevimba mwezi wa tatu huu, usaha hakuna, kucha zimekuwa na mabonde. Nimeshameza dawa za bakteria dozi mbili.

Tabibu_wa_Zamu – saa 5:48 usiku

Dada, hiyo ni kaka sugu, ya watu wa maji: mama lishe, wafua nguo, wauza baa wanaoosha glasi. Maji na shampuu vinakula ule utando unaoziba kati ya ngozi na kucha, ngozi inachokozeka kila siku, fangasi wanajikaribisha. Vidonge vya bakteria havina kazi pale. Dawa ya kwanza ni ukavu: glavu za mpira, na ndani yake glavu nyepesi za pamba, kwa sababu jasho la mpira nalo ni maji. Usisukume wala kukata ule utando wa kucha, na wateja wako usiwakate pia. Daktari wa ngozi atakupa krimu ya kupunguza uvimbe. Jipe miezi, kucha haikui kwa wiki.

MamaPacha – Jumatano, saa 11:15 alfajiri

Samahani kuingilia uzi, niko macho nanyonyesha. Mimi nina pacha wa miezi miwili. Uvimbe wangu uko chini ya dole gumba, pale pembeni ya kifundo. Hauna wekundu. Nikimnyanyua mtoto maumivu yanapiga mpaka kwenye kiwiko, juzi nusura nimwangushe. Mama mkwe anasema ni upepo wa uzazi, eti nilioga maji baridi.

Tabibu_wa_Zamu – saa 11:30 alfajiri

Hongera kwa pacha mama. Kunja gumba ndani ya ngumi, vidole vinne viwe juu yake, halafu pindisha kifundo kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Taratibu.

MamaPacha – saa 11:34 alfajiri

Nimepiga kelele mpaka pacha mmoja kaamka. Asante dokta 😭

Tabibu_wa_Zamu – saa 11:50 alfajiri

Ndiyo hiyo. Inaitwa de Quervain, jina la mpasuaji wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1895. Kano mbili za gumba zinapita kwenye kijifereji chembamba pale pembeni ya kifundo, na njia ikiwa nene kano zinasuguana. Wazazi wapya wanaipata sana kwa sababu ya namna tunavyonyanyua watoto: mikono chini ya makwapa, magumba yametanuka, kilo tano mara hamsini kwa siku. Na wewe una wawili.

Badili mnyanyuo. Mkono mmoja chini ya makalio, mwingine chini ya kichwa na mgongo, viganja vikiangalia juu, kama unachota mchele. Tafuta kifunga mkono kinachoshika mpaka gumba, kile cha kifundo peke yake hakitoshi. Ibuprofeni inaruhusiwa kwa anayenyonyesha, ila kwa kipimo na baada ya kula. Ikikataa, sindano moja ya steroidi pale kwenye mfereji huwasaidia wengi. Mama mkwe msalimie. Kuoga maji baridi hakuhusiki, lakini kama anasema upumzike, hapo msikilize na umpe mtoto mmoja.

Kipa_Mstaafu – saa 1:05 asubuhi

Mimi nilidaka ligi ya daraja la pili, Mombasa. Mpira ulikuja kasi ukanipinda gumba kwenda nje. Likavimba kwenye mzizi, kocha akafunga bandeji, nikacheza wiki ijayo. Leo miaka tisa, siwezi kushika ufunguo vizuri wala kufungua soda, gumba linaregea. Naambiwa nilikata kano.

Tabibu_wa_Zamu – saa 1:22 asubuhi

Kano ya ndani ya kifundo cha gumba, ndiyo inayokuwezesha kubana kitu kati ya gumba na kidole cha shahada. Waskoti waliokuwa wakilinda mashamba ya kuwinda waliipata kwa kazi ya kuvunja shingo za sungura, ikaandikwa mwaka 1955, huku kwetu naiona kwa makipa na kwa waendesha bodaboda wanaoanguka wakiwa wameshika usukani. Ikikatika kabisa, ncha yake inaweza kuruka juu ya msuli wa jirani ikabaki nje, na hapo haiungi hata ukifunga bandeji mwaka mzima. Inashonwa, tena wiki za mwanzo ndizo nzuri. Wewe bado unaweza kumwona daktari wa mifupa, wana njia za kuirekebisha hata ikichelewa.

Anayevimba gumba baada ya kuanguka apige eksrei. Majeraha mengine ya mzizi wa gumba yanafanana kwa macho, na mfupa unaweza kuwa umevunjika huku vidole vinacheza. "Nikiweza kulichezesha halijavunjika" ni uongo wa viwanjani.

Ngosha_wa_Ziwa – saa 2:10 asubuhi

Huku Mwanza mwiba wetu ni wa samaki gogogo. Na fundi wangu wa mbao alijipiga nyundo juzi, damu imevilia chini ya kucha nyeusi tii, wakampasha sindano kwa moto wakatoboa kucha, damu ikaruka, maumivu yakakata palepale. Ni sawa?

Tabibu_wa_Zamu – saa 2:14 asubuhi

Ndivyo tunavyofanya hata sisi, ila kwa kifaa safi, na baada ya kuangalia kama mfupa wa ncha uko salama. Aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda pia. Natoka zamu, nalala.

Mama_Asmini – saa 4:40 asubuhi

Mtoto wangu ana miezi tisa. Si gumba tu, mikono yote miwili na miguu imevimba upande wa mgongo wa kiganja na wa unyayo, vidole vimekuwa kama soseji, analia ukimgusa. Hakuanguka. Nimpake nini?

NesiTemeke – saa 4:43 asubuhi

Usimpake kitu dada. Mtoto wa umri huo kuvimba viganja na nyayo pamoja, jambo la kwanza kufikiriwa ni selimundu, yaani sikoseli. Damu inaziba kwenye mifupa midogo ya vidole, na mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza nyumbani kugundua. Mpeleke leo, apimwe selimundu na wingi wa damu, na joto la mwili lipimwe, maana homa kwa mtoto wa selimundu ni dharura. Mnyonyeshe sana njiani, usimkande kwa barafu. Nchi yetu inakadiriwa kupata watoto 11,000 hivi kila mwaka wenye selimundu, hauko peke yako. Niandikie faragha ukifika.

Mzee_Kilauri – saa 8:00 mchana

Na gauti, ule ugonjwa wa viungo, mmeisahau. Dole gumba la mguu wangu lilivimba usiku mmoja baada ya harusi, shuka likigusa nalia. Mwaka jana likahamia gumba la mkono. Nyama ya utumbo na bia nimepunguza.

Bibi_Mrima – saa 9:15 alasiri

MparaTasi yuko wapi? Mtu hajarudi tangu jana, nyie mnaulizana habari za soda.

Jini_Mkata_Kamba – Ijumaa, saa 2:00 usiku

Bado kimya? Jamani.

Tabibu_wa_Zamu – Ijumaa, saa 3:12 usiku

Nami nasubiri. Wakati huo niseme kwa nini niliuliza habari za kukojoa, maana wengine wamenitania faraghani.

Sukari ikipanda, askari wa damu wanakuwa wavivu na vidonda vinachelewa. Mguu wa kisukari kila mtu anaujua. Mkono watu hawaujui, na Dar es Salaam inahusika moja kwa moja: kati ya mwaka 1998 na 2002 madaktari wa Muhimbili waliandika habari za wagonjwa waliokuja na mikono iliyooza kutokana na vitu vidogo kabisa, kaumwa na mdudu, kajichubua, kajikata kidogo. Ripoti ikachapishwa mpaka Marekani. Wenzao wa Nigeria walikuwa wameuandika ugonjwa huo katika miaka ya 1980. Wengi walichelewa kufika, baadhi walikatwa vidole au mkono, wengine walifariki. Na baadhi hawakujua kama wana kisukari mpaka mkono ulipowapeleka hospitali.

Kwa hiyo mtu akiniambia kidole kinavimba haraka kuliko jeraha lenyewe, naulizia kiu, mikojo na suruali kuvuka.

Kuhusu amoksilini: bakteria aina ya stafilokokasi wengi wana kimeng'enya cha kuivunja. Na hata dawa ikiwa sahihi, usaha uliofungiwa kwenye ala haufikiwi na kidonge. Unatolewa, unapelekwa maabara kuoteshwa, ndipo dawa ichaguliwe. Kwa watu wa samaki ni muhimu zaidi, majini kuna bakteria wengine wasiozoeleka. Yupo mmoja anakuja polepole, uvimbe wa wiki hata miezi, vinundu vinapanda mkononi kimoja kimoja, havina homa. Ukiona hivyo mwambie daktari kazi yako ni samaki, asipoambiwa hatamtafuta.

Maji ya moto kwa mwiba wa tasi alifanya sawa kabisa. Sumu yake inaharibiwa na joto, unaloweka kwa moto unaostahimilika, ukijaribu kwa mkono mzima usiochomwa, mpaka dakika tisini. Lakini yanaua maumivu ya sumu. Bakteria aliyeingia na mwiba, au kipande cha mwiba kilichokatikia ndani, havijali maji yako.

MparaTasi – Alhamisi iliyofuata, saa 12:20 jioni

Wakuu nipo hai. Nimerudi nyumbani jana.

Usiku ule tulifika saa sita. Pete ilitoka kwa uzi kwenye bajaji, shemeji anashangaa. Pale mapokezi kijana aliniangalia akaniandikia nirudi asubuhi kliniki. Nikamwambia yale mambo matatu kama nilivyofundishwa, nikayarudia. Kwa lile la sukari akanitoboa kidole palepale, mashine ikasoma 24. Akanyanyuka kwenye kiti. Baada ya hapo nilikuwa mtu wa kusukumwa kwenye kitanda.

Alfajiri wakanipasua. Wamefungua sehemu mbili, kwenye gumba na kifundoni, wakasafisha ala kwa maji ya dripu. Upande wa kidole cha mwisho wakafungua pia, usaha ulikuwa umeshafika. Ndani ya gumba wametoa kipande cha mwiba kama nusu ya punje ya mchele. Nimekiomba, wamekataa kunipa. Siku ya tatu wakarudia kusafisha. Insulini siku zote hizo, sindano za dawa kwenye mshipa, majibu ya maabara yakatoka wakabadili moja.

Gumba lipo. Linakunja nusu. Ndizi kisukari niliyoitaja mwenyewe siku ile, wodini nilicheka peke yangu.

Mke kawapeleka kaka zangu wawili kupima. Mmoja ana 13 na alikuwa anajisifu kunenepa hanenepi.

Bibi_Mrima – saa 12:31 jioni

Alhamdulillahi. Mwanangu ule dona na mboga, usiniletee habari za chai ya sukari. Na mie kesho naenda kupimwa, mjukuu kanishika mkono tangu asome huu uzi.

Mama_Asmini – saa 12:50 jioni

Pole na hongera kaka. Wangu majibu yametoka, ni selimundu kweli. Vidole vimenywea. Tumeanzishiwa kliniki, anakunywa penisilini kila siku na foliki.

Jini_Mkata_Kamba – saa 1:02 usiku

Tabibu, nina swali faragha. Ni la kukojoa.

Tabibu_wa_Zamu – saa 1:10 usiku

Njoo Jini. MparaTasi, mazoezi ya kidole usiyakose hata yakiuma, kano iliyotoka kuumwa hunata kwenye ala ikiachwa ikae. Na kazini, glavu?

MparaTasi – saa 1:18 usiku

Glavu zinateleza dokta, mpara akivaa glavu anakata mkono mzima. Wazee wa Feri wana njia: tasi anakatwa miiba ya mgongo na ya tumbo kwa mkasi kabla hajaguswa na kisu. Nilikuwa siifanyi, inachelewesha, mteja analalamika. Mkasi nimeshaununua. Jumatatu saa mbili nipo kwa mtaalamu wa mazoezi, nikitoka huko napita Feri nijaribu kukata kwa mkono wa kushoto.